Jibu: Kicheko cha Debbie Downer hakikupangwa

Mkuu, umeuliza kama wale waigizaji wa Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, walipangiwa kucheka kwenye igizo la Debbie Downer, yule mwanamke anayeharibu raha ya wenzake kwa habari za mkosi. Wapi! Kiliwaponyoka tu. Ilikuwa tarehe 1 Mei 2004, mgeni wa usiku huo mwigizaji Lindsay Lohan, na kipindi kinakwenda mubashara, hakuna kurudia. Rachel Dratch, aliyeigiza Debbie, aliteleza kwenye mstari mmoja mapema, basi, ikawa balaa. Kila akitoa habari yake ya mkosi, tromboni inalia "waa-waaa" na kamera inamvamia usoni. Hapo ndipo anapopasuka. Ukirudia kuitazama, mwangalie mwigizaji mwenzake Horatio Sanz: jamaa anajifuta machozi kwa wafo (waffle, ule mkate laini wa vishimo-vishimo)! Mimi hunivunja mbavu zaidi Dratch anavyong'ang'ania kumaliza maneno yake huku midomo inamsaliti.