Mahua, kodo na sheria ya msitu: maswali kuhusu wanawake wa Kigondi

Wagondi ni wenyeji wa India ya kati. Majibu haya yanahusu hasa wilaya za Mandla, Balaghat na Chhindwara, zilizokuwa ndani ya Majimbo ya Kati yaliyoundwa na Waingereza mwaka 1861.

Maua ya mahua yalikusanywaje, na kwa nini alfajiri?

Mahua ni mti unaochanua Machi na Aprili. Ua lake ni nene, rangi ya maziwa, tamu sana, na hudondoka lenyewe usiku hadi asubuhi. Mwanamke aliyechelewa alikuta ng'ombe, kulungu au dubu wamemtangulia. Kabla ya msimu alifagia chini ya mti au kuchoma majani makavu, maana ua likiangukia majani halionekani. Moto huo mdogo ndio uliowagombanisha wanawake na mabwana misitu, kwa kuwa ulitambaa mpaka kwenye miti ya mbao.

Maua yalianikwa juani siku kadhaa mpaka yakawa ya kahawia na kusinyaa kama zabibu kavu. Mvua ikiyakuta uani, huchacha na kuota ukungu. Yaliyokauka sawasawa yaliliwa miezi mingi: yalichemshwa mpaka yakatoa utomvu mzito, yakachanganywa na nafaka. Miezi miwili mitatu baadaye zilikuja mbegu, za kukamua mafuta ya kupikia na ya taa. Mafuta hayo huganda kwenye baridi kama samli.

Je, waliruhusiwa kutengeneza gongo ya mahua?

Hapana. Serikali ya Waingereza iliuza haki ya kupika na kuuza kwa wenye leseni. Aliyepika nyumbani alitozwa faini au kufungwa, ingawa pombe hiyo ilihitajika kwenye matambiko, harusi na mazishi. Kwa hiyo kaya ikanunua kile ambacho mama mwenye nyumba alikiokota mwenyewe.

Kodo ni nini, na kwa nini inasemekana inalevya?

Ni nafaka ndogo yenye maganda magumu ya tabaka kadhaa. Ili kutoa maganda hayo, ilisagwa kwanza kwa kinu cha mkono cha udongo, kwa sababu jiwe zito huvunja punje. Kisha ilipetwa, ikatwangwa kwa mchi, ikapetwa tena, mara nyingi zaidi ya mara moja. Kazi hii ilikula saa nyingi za mwanamke, na chakula chenyewe mara nyingi kilikuwa uji mwepesi uitwao pej.

Inayolevya ni ile iliyoshika kuvu: ikinyeshewa wakati wa kuvuna, au miganda ikirundikwa ingali mbichi. Mlaji hupata kizunguzungu, kutapika na kutetemeka. Iliyokauka vizuri hukaa ghalani miaka.

Marufuku ya kilimo cha kuchoma msitu iliwagusaje wanawake?

Sana, na jambo hili husahaulika. Shamba la majivu lilihitaji shoka, mikono na mbegu tu. Serikali ilipolizuia, ikabaki kulima kwa plau, na kwa mila mwanamke hakushika plau. Mjane asiye na mafahali wala mtoto wa kiume aliyekua akabaki kumtegemea ndugu, au kwenda kibarua.

Walifanya kazi migodini?

Ndiyo, kwenye makaa ya mawe ya bonde la Pench, Chhindwara. Wanawake walibeba makaa kwa makapu kichwani. Kanuni za mwaka 1929 zilianza kuwaondoa chini ya ardhi hatua kwa hatua, mpaka wakaondolewa kabisa mwaka 1937. Mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ilipohitaji makaa, wakarudishwa. Mwaka 1946 wakazuiwa tena.