Mvua, Vitz na Mama Mkwe: Maswali ya Wanaopanda Lushoto Wikendi

Wiki mbili zilizopita nilidokeza kwamba mimi na mwenzangu tulitoka Dar Ijumaa moja ya Novemba, tukapanda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na mvua za vuli, na Jumapili tukarudi tukiwa hatusemeshani kuanzia Mombo hadi Segera. Nilitegemea pole. Mmenitumia maswali ya njia. Haya basi.

Dada, tumeshalipia chumba Lushoto na utabiri unasema mvua. Tuahirishe? (Msomaji, Tabata)

Msiahirishe, punguzeni orodha ya matembezi. Milima ya Usambara imesimama mbele ya upepo wa Bahari ya Hindi, ndiyo maana ina kijani kile mnachokifuata. Anayetaka vuli bila mvua atakaa Tabata mpaka Januari.

Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33, lami tupu. Kasheshe inaanza ukiiacha lami, maana ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Sisi tulikwenda na orodha ndefu: Irente kwenye ukingo wa mlima, msitu wa Magamba, Soni iliyo njiani kati ya Mombo na Lushoto, hadi Mtae kule ukingoni, ambako mbingu ikiwa safi unaiona Kilimanjaro. Tuliambulia Irente na Soni. Mtae ni zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, na mwenye nyumba tuliyofikia alituangalia sisi, akaliangalia gari letu, akasema, "Karibuni chai kwanza." Tukaelewa.

Jambo la kushikilia ni saa ya kuondoka. Tulisema tutatoka saa kumi na moja alfajiri, tukatoka saa tano asubuhi kwa sababu ya mambo ya kazini ya mtu fulani, simtaji. Tukafika Mombo giza linaingia na mvua inamwaga. Tukapanda hivyo hivyo, na ndilo kosa ninalojutia kuliko yote. Usiku wa mvua huoni jiwe lililoporomoka mpaka uko juu yake. Mkichelewa, laleni Mombo au Korogwe, mpande asubuhi. Na kama mnaishi upande wa Tegeta au Bunju, piteni Bagamoyo mtokee Msata, mkwepe foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze.

Tuna Vitz tu. Itapanda kweli? (Msomaji, Mbezi)

Itapanda. Noah zimejaa watu na magunia zinapanda kila siku. Ungeniuliza kama itashuka salama, ningekaa chini nikujibu vizuri.

Mteremko wa mvua unashukwa kwa gia, breki ni za kusaidia tu. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Gari la otomatiki, toa kwenye D uweke 2 au L. Mengine yameandikwa S au B. Injini ndiyo ilishike gari, wewe uguse breki na kuachia, uguse na kuachia. Ukikanyaga moja kwa moja kutoka Lushoto hadi Soni, breki zinachemka, pedeli inalegea, na unaanza kusikia harufu kama plastiki inayoungua. Sisi tuliisikia kabla hatujafika Soni. Mwenzangu akasema ni gari la mbele. Mbele hakukuwa na gari.

Tukaegesha penye uwazi, tukaweka jiwe mbele ya tairi, tukakaa nusu saa. Kijana mmoja alitaka kutusaidia kwa kumwagia magurudumu ndoo ya maji. Msikubali, chuma cha moto kikipigwa na maji baridi kinapinda au kupasuka. Acheni kipoe chenyewe.

Matairi yenye kipara yabaki Dar, pamoja na gari lake.

Mume wangu akishika usukani ni mashindano. Nikisema punguza, ananuna safari nzima. Nifanyeje? (Mama wawili, Kibaha)

Mdogo wangu, hili swali nimelisoma mara mbili nikidhani nimeliandika mimi.

Nilichojifunza ni kwamba neno "punguza" likisemwa kwenye kona, halisikiki kama ushauri. Linasikika kama "hujui kuendesha". Na ukikaa kimya huku umeshika mlango kwa mikono miwili, unasema neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Sisi tulinuniana kwa sababu ya kona moja chini ya Soni. Nilipiga kelele, yeye akapiga breki, lori la kabeji nyuma yetu likapiga honi mpaka leo naisikia.

Siku hizi mazungumzo tunayafanya kabla ya kuwasha gari. Mimi ni utingo, na utingo ana kazi zake: anafuta kioo kikiota mvuke, anasoma kibao cha kona, anapokea simu za dereva, anasema "lori linakuja" kabla halijafika. Akisema "tupumzike", gari linaegeshwa penye usalama na hakuna anayeuliza kwa nini. Dereva naye ana haki yake, kwamba barabarani hafundishwi. Malalamiko yanasubiri chai. Ajabu ni kwamba chai ikifika, nusu ya malalamiko nimeshayasahau. Nusu nyingine nayakumbuka vizuri sana.

Na kama kwa kweli hasikii, wewe pia jifunze kuendesha. Mtu aliyeshuka mlima na usukani mkononi hukaa vizuri zaidi kiti cha pembeni, na mwenzake vilevile. Ila kama mwendo wake unakutia hofu ya kweli, hilo si la chai. Pandeni basi.

Ukungu ukishuka, niwashe taa kali? (Msomaji, Tanga mjini)

Hapana. Taa kali inagonga ukungu na kukurudia machoni, unaona ukuta mweupe. Tumia taa za chini, fuata mstari wa pembeni, piga honi kwenye kona iliyofungwa. Hazadi, zile taa zinazomweka pande zote mbili, acha mpaka umesimama. Ukitembea nazo, wa nyuma hajui unakata kona au umekwama.

Kioo kikiota mvuke kwa ndani, washa AC ielekee kiooni, inakausha. Vitz itanung'unika mlimani, ivumilie.

Jumamosi ikinyesha kutwa tutafanya nini? (Msomaji, Morogoro)

Mtalala. Mmetoka Morogoro kufanya kazi?

Mkichoka kulala, Irente ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu kutoka mjini, kwa viatu vya kushika tope. Pale shambani mtapata jibini, jamu na mkate wa ngano nyeusi. Kwenye ukingo wa mlima tulikaa karibu saa nzima bila kuona hata vidole vyetu. Nilikuwa nimeshaamka niondoke, ukungu ukapasuka, na chini kabisa tukaona tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge, kukavu, jua linawaka, sisi huku juu tumejifunga vitenge viwili viwili. Dakika kumi, ukafunga tena. Mwenzangu hakupiga hata picha. Ni pale tulipoanza kusemeshana tena baada ya ule ugomvi wa kuchelewa kutoka Dar. (Ule wa Soni ulikuwa bado haujazaliwa.)

Sweta bebeni. Lushoto ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari, na baridi yake haijali kwamba ninyi ni wapenzi.

Mama mkwe anaishi Korogwe, njiani kabisa. Tukipita kwenda tumsalimie dakika kumi? (Bibi harusi, Kigamboni)

Mama mkwe hana dakika kumi. Atachinja kuku, na kuku wa mama mkwe haachwi jikoni. Mtaondoka saa kumi na mbili jioni, mtafika Mombo na giza, mtapanda usiku kama sisi.

Mpigie simu Alhamisi, mwamkie vizuri, mwambie mtapita Jumapili mkirudi. Mteremke Lushoto mapema, Soni mnunue karoti, kabeji, na plamsi kama msimu wake umefika. Saa nne mko kwake, saa nane mnaaga. Mumeo ndiye aage, si wewe.