Kabla Hujagusa Patisheni za Diski Yako

Wewe unayeanza kupanga diski ya kompyuta ya nyumbani, elewa kwanza kwamba patisheni ni mipaka tu iliyoandikwa katika jedwali dogo ndani ya diski. C na D, herufi ambazo Windows huzipa patisheni, huonekana kama vyombo viwili, ilhali mara nyingi zote zimo katika kifaa kimoja, na kikiharibika hupotea pamoja. Kwa hiyo aliyenakili picha zake kutoka C kwenda D bado hajaziweka salama. Nakala ya akiba ikae kwenye diski nyingine kabisa, nawe ufungue faili kadhaa humo uhakikishe zinasomeka, kabla ya kusogeza mpaka wowote.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kufuta patisheni isiyostahili. Nilikuwa na diski mbili za ukubwa mmoja, moja ya ndani na moja ya nje, nami nikaamini namba iliyo kwenye skrini bila kutazama jina. Nilichofanya vizuri siku hiyo ni kuacha kila kitu palepale: kufuta patisheni kwa kawaida huondoa maelezo yake katika jedwali, na data hubaki mpaka iandikwe juu yake kitu kingine. Programu ya TestDisk iliupata ule mpaka wa zamani na kuurudisha. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, usitegemee bahati hiyo, hasa ukishafomati, kwani diski za aina hiyo zinaweza kufuta zenyewe data iliyoachwa. Tangu hapo kila patisheni yangu ina jina linaloeleweka, na diski ya nje huichomoa kabla sijaanza kazi.

Tatizo linalowasumbua wengi ni C kujaa huku D ikiwa na nafasi tele. Mtu hupunguza D, kisha hushangaa kuona amri ya kuongeza C imefifia na haibonyezeki. Sababu ni kwamba nafasi iliyopatikana iko mwishoni mwa D, wakati kifaa cha Windows cha kusimamia diski huiongeza C kwa nafasi wazi inayoifuata moja kwa moja upande wa kulia. Njia ninayoipendelea ni kunakili vilivyomo D kwenye diski ya nje, kuifuta D, kuiongeza C, kisha kuiunda D upya kwa nafasi iliyobaki. Ikiwa kati ya C na D kuna patisheni ya urejeshaji, ile yenye zana za kurekebisha Windows, njia hiyo nayo itakwama.

GParted, programu ya kupanga patisheni, inaweza kuisogeza D bila kuifuta, lakini kazi hiyo huhamisha data yenyewe na inaweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati, data huweza kuharibika. Kompyuta ya mapajani iwe na chaji kamili na ibaki kwenye chaja.

Zile patisheni ndogo zisizo na herufi ziache. Ya EFI, ambayo mara nyingi ni megabaiti mia chache au chini ya hapo, ndiyo inayobeba faili za kuwashia mfumo, na ukiifuta kompyuta haitawaka hadi mfumo wa Windows.

Jedwali la patisheni lina aina mbili, GPT na MBR iliyo ya zamani; kwa diski mpya chagua GPT badala ya MBR, kwa kuwa MBR huishia patisheni kuu 4 na, katika diski nyingi, takribani terabaiti 2.