Kuwashwa viganja na nyayo ukiwa mjamzito: usikimbilie vidonge vya madini

Pole dada. Umesema mimba ina wiki 33, viganja na nyayo vinawasha kuzidi usiku, vipele huna, na shoga yako kakushauri ununue seleniamu na zinki kwa sababu kasoma kwamba ini la mjamzito husumbuka madini yakipungua.

Hiyo hali nimeipitia kwenye mimba yangu ya pili. Kliniki niliambiwa ni joto la Dar, nipake losheni. Nikapaka, nikaendelea kujikuna hadi alfajiri. Daktari mwingine ndiye aliyeagiza vipimo vya ini na asidi za nyongo. Hicho cha pili maabara nyingi hazina. Sampuli yangu ilipelekwa kwingine, majibu yakachelewa. Nyongo ilikuwa haitiririki vizuri kutoka kwenye ini, asidi zake zinarudi kwenye damu. Ugonjwa huo huitwa kolestasisi ya ujauzito.

Shoga yako hajatunga. Finland na Chile, ambako ugonjwa huu ulikuwa mwingi, watafiti walikuta wagonjwa wana seleniamu ndogo kwenye damu kuliko wajawazito wengine. Chile waliona pia ugonjwa umepungua miaka ile ile ambayo seleniamu kwenye damu za watu ilipanda, na kwamba wagonjwa huongezeka majira ya baridi. Lakini mambo mawili kwenda pamoja hayathibitishi kwamba moja limeleta lingine. Homoni za mimba na kurithi vimo humo, ndiyo maana daktari aliniuliza kuhusu mama na dada zangu. Shaba, madini mengine, nayo hupanda kwenye damu ya kila mjamzito, na hutolewa mwilini kupitia nyongo, kwa hiyo nyongo ikikwama unategemea ipande zaidi. Hapo ugonjwa ndio umebadilisha madini!

Mjamzito anahitaji kama mikrogramu 60 za seleniamu kwa siku. Samaki, dagaa na mayai vinasaidia sana. Kikomo cha mtu mzima ni mikrogramu 400; ukizidisha kwa muda mrefu nywele hunyonyoka na kucha hung'oka. Vidonge vya damu ulivyopewa kliniki endelea navyo.

Hatari yenyewe iko kwa mtoto. Asidi za nyongo zikifika mikromoli 100 kwa lita au zaidi, uwezekano wa mtoto kufia tumboni unapanda waziwazi, na madaktari huzungumzia kumzalisha mama mapema, wiki ya 35 au 36. Chini ya 19 wengi hawaiti ugonjwa, ila hupima tena kama muwasho unaendelea, maana namba hubadilika. Mimi nilipewa ursodioli, dawa ya kusaidia nyongo itiririke, muwasho ukapungua kidogo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2019, wenye wanawake 605, haukuona dawa hiyo ikipunguza madhara kwa mtoto, kwa hiyo usiimeze ukaacha kufuatilia vipimo.

Kesho nenda, usisubiri tarehe ya kadi. Omba vipimo vya ini, asidi za nyongo, homa ya ini, na wapime presha na mkojo, kwa sababu kifafa cha mimba nacho hugusa ini. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, macho yakiwa ya njano, au kichwa kikiuma sana, nenda hata usiku. Mtoto akipunguza kucheza, hivyo hivyo, hata kama namba zako ni nzuri.

Majibu ya asidi yakitoka yaweke hapa pamoja na wiki za mimba. Na kama una mpango wa mtoto mwingine, mwambie daktari tangu kliniki ya kwanza, kwa sababu ugonjwa huu hurudi kwa wengi.