Kinu cha nyuklia au jua la Langobaya? Maswali yenu

Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walikataa, macho ya serikali yakageukia Siaya, lakini maswali kuhusu kinu cha nyuklia hayajaisha huku kwetu Malindi.

Kinu kikipasuka kama cha Chernobyl, sisi wavuvi tutakimbilia wapi? (Mvuvi, Mayungu)

Kinu cha umeme hakilipuki kama bomu la atomiki. Urani, yaani fueli yake, haikuongezewa nguvu kufikia ukali huo. Cha Chernobyl, 1986, kilikuwa na muundo mbovu, tena hakikuwa na kuba madhubuti la kuzuia sumu ya mionzi isitoke. Linalonihangaisha mimi ni la Fukushima, Japani, 2011. Kule vinu vilijizima vyenyewe tetemeko lilipopiga. Ila kinu kikizimwa hakipoi papo hapo, na pampu za kukipoza zilikosa umeme baada ya bahari kuzamisha jenereta. Tsunami ya 2004 ilifika hata pwani yetu, kwa hivyo hofu yako si ushamba.

Taka zake zitamwagwa Mida? (Muuza samaki, Watamu)

La, mama. Fueli iliyotumika hupozwa majini kwa miaka, kisha hutiwa kwenye makasha ya chuma na zege. Ufini wamechimba zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba ili waizike. Waulize wanaopanga mradi mwamba wetu uko wapi.

Jua huzama, na upepo hulala wakati wa maleleji. Tutawasha taa kwa umeme gani? (Mwalimu, Lamu)

Swali zuri, mwalimu. Sola ya Langobaya, huku Malindi, hutoa hadi megawati 40 mchana, lakini saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa na taa na televisheni, haina kitu. Anayetubeba saa hizo ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, usiojua kaskazi wala kusi, pamoja na mabwawa.

Sasa ipime nyuklia. Kinu kilichopangwa awali kilikuwa cha megawati 1,000. Nchi nzima, saa za kilele, hutumia zaidi ya megawati 2,300. Mtambo mmoja ubebe karibu nusu ya mzigo! Ukijizima ghafla, na mitambo hujizima, giza litatanda kutoka Lamu hadi Busia. Wahandisi hupenda mtambo mmoja usizidi sehemu moja ya kumi ya gridi, yaani mtandao mzima wa umeme. Koeberg ya Afrika Kusini inafanya kazi tangu 1984, lakini gridi yao ni kubwa kuliko yetu zaidi ya mara kumi.

Wa upepo nao wasijisifu mno: mitambo 365 ya Turkana ilikaa zaidi ya mwaka mzima ikingoja nyaya. Pesa ningezitia huko kwanza, kwenye nyaya na betri. Nyuklia nayo huchelewa: kinu cha Olkiluoto 3, Ufini, kilianza kujengwa 2005, kikaingia kazini rasmi 2023.

Wakikileta Lamu tufanyeje? (Kijana, Shela)

Mlishafanya. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapo kwenu Lamu ilifutwa 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Itakeni mapema ripoti ya athari za mazingira, na muitake kwa Kiswahili.