Msamaha wa nini? Niliyojifunza nikimtibu baba aliyepigana Vita vya Kagera

Wiki iliyopita niliandika mistari mitatu tu, kwamba Mzee katoka wodini na kidonda kimefunga. Meseji zilizokuja sikuzitegemea. Nyingi za pole na hongera, lakini kijana mmoja wa Manyoni ndiye kanifanya nikae chini leo. Kaandika hivi: "Dada shikamoo. Na mimi baba alimpiga Nduli. Mgongo unamsumbua tangu sijazaliwa. Hivi nani anawajibika na matibabu ya hawa wazee wetu? Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Ngoja nikueleze, ila sitakuwa mfupi.

Baba yangu hakuwa mwajiriwa wa jeshi. Ilishike hiyo, maana kila kitu kimeanzia hapo. Alikuwa mgambo wa kijiji huko Kongwa, kijana wa miaka ishirini, analima mtama. Idi Amin wa Uganda, huyo Nduli, alipovuka mpaka mwisho wa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere alisema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Sehemu kubwa ya huo uwezo ilikuwa ni watu kama baba. Balozi wa nyumba kumi aligonga usiku, asubuhi akapanda lori. Machi 1979 alikuwa Lukaya, upande wa Uganda, na Brigedi ya 201, ambayo ilikuwa imejaa mgambo waliofundishwa harakaharaka. Wanajeshi wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin waliwapiga kwa makombora hadi brigedi ikarudi nyuma. Kesho yake wakajipanga upya na pale Lukaya wakashinda. Baba kesho yake hakuiona. Alikuwa amebebwa na vyuma kwenye paja.

Akarudi Kongwa kulima. Mwalimu akaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Baba husema wa kwake tundu la kufungulia liliziba.

Sasa nije kwangu, maana nikianza na serikali nitakuwa muongo. Mimi ni yule binti ambaye kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, naweka picha ya Mzee kwenye status. "Shujaa wangu." Mioyo, bendera, watu wanajibu. Mwaka juzi paja likaanza kutoa maji. Mama akapiga simu, nikatuma elfu ishirini ya dawa, nikarudi kwenye mambo yangu ya kiwanja cha Iyumbu, hapa Dodoma. Najua nawe una kiwanja chako, kama si Iyumbu basi Nala au Ihumwa, na tofali zinakusubiri. Nikatuma tena elfu ishirini. Mzee ananunua vidonge vya maumivu duka la dawa, anameza, anaenda shamba. Hiyo kwangu ilikuwa ndiyo kumtibu baba, na nilikuwa najisifu ofisini kwamba mimi ndiye namtunza.

Alipofika stendi ya Nanenane kwa basi la asubuhi, Januari mwaka jana, nilisikia harufu ya kidonda kabla hajanipa mkono. Basi. Sitaki kuendelea hapo.

Hospitali ya kwanza sitaitaja, na haina haja, maana ungeweza kwenda nyingine ukakuta yaleyale. Dirisha la kwanza: ana bima? Hana. Ana barua ya rufaa? Hana, tumeruka zahanati na wilaya. Nikasema, huyu alipigana vita. Dada wa dirishani, wala hakuwa mkorofi, akasema wanajeshi wana hospitali zao. Tukaenda kwenye ofisi moja ya mambo ya jeshi. Kijana pale alisimama, akampigia Mzee saluti, nikajua tumefika. Akauliza namba ya jeshi. Baba akatoa kwenye kopo la maziwa karatasi ambayo mchwa walishakula robo yake. Muhuri unaonekana, jina linaonekana nusu, namba hakuna. Kijana akaigeuza, akaigeuza tena. "Mzee wangu, wewe ulikuwa mgambo. Hilo liko halmashauri." Halmashauri wakasema vita ni mambo ya jeshi.

Miezi minne ya katikati siisimulii, ilikuwa ni njoo kesho.

Siku niliyolia ni hii. Tumerudi hospitali, muuguzi mmoja mwenye huruma akanivuta pembeni: "Mpeleke ustawi wa jamii wamwandikie msamaha." Wote tunajua msamaha wa hospitali, ni kwa asiye na uwezo wa kulipa. Nikamwambia baba kwa sauti, maana sikio la kushoto lilibaki Lukaya. Akaniangalia. "Msamaha? Mimi nimemkosea nani?" Benchi zima likanyamaza. Akashika fimbo yake akatoka nje, akakaa chini ya mwarobaini, akagoma. Siku hiyo hatukutibiwa.

Kilichofungua mlango mwishowe ni kitambulisho cha wazee cha matibabu bure. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee wa miaka 60 na kuendelea, na halmashauri ndizo zinazowapa vitambulisho wale wasiojiweza. Nilirudi Kongwa, mtendaji wa kijiji akaandika barua, picha mbili za paspoti, na foleni ya kutosha. Kumbe tungekipata zamani kama mtu mmoja angefunga safari. Mtu huyo ni mimi.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana mdogo kabisa. Kainua picha ya eksirei kwenye mwanga, vipande vitatu vyeupe kama punje za mchele karibu na mfupa. "Mzee, hii ni ajali ya bodaboda?" Baba akajibu, "Ya Walibya." Ikabidi nieleze.

Kwa hiyo nani anawajibika? Nimelifikiria sana swali hili la mdogo wangu wa Manyoni. Ukisema "serikali" umesema kweli na hujasema kitu, maana serikali niliyokutana nayo ilikuwa na madirisha matano, na kila dirisha lilikuwa na jibu sahihi. Kwamba hatukuwa na rufaa ni kweli, na kwamba mgambo si mwajiriwa wa jeshi ni kweli vilevile. Mbaya simwoni. Ninachokiona ni daftari ambalo halikuandikwa. Mwaka 1978 walimpata baba usiku, kijijini, bila kumuuliza kitambulisho cha NIDA. Mwaka 1979 walimshusha kwenye lori na hakuna aliyeandika kwamba mguu huu ni wetu. Asiyeandika pale ndiye ninayemdai. Baba alitibiwa kama mzee asiyejiweza. Kama askari hajatibiwa mpaka leo.

Na usidhani wenye pesa wamelimaliza. Marekani wana wizara nzima ya wanajeshi wastaafu, yenye hospitali zake. Mwaka 2014 ikagundulika kwamba hospitali yao ya Phoenix iliwaficha wagonjwa kwenye orodha za siri, ili ionekane mtu anamwona daktari ndani ya siku 14. Wakubwa walikuwa wanapimwa kwa hizo siku, na bonasi zinafuata humo humo. Waziri, Eric Shinseki, akajiuzulu. Naye ni jenerali mstaafu aliyepoteza sehemu ya mguu kwa bomu la kutegwa ardhini huko Vietnam. Yeye aliondoka. Wa kwetu, wa kujiuzulu angekuwa nani?

Ushauri sasa, maana ndio mlioufuata. Toa kopi. Karatasi yoyote ya mzee yenye muhuri, hata iliyooza, peleka steshenari leo, toa kopi tano, weka kwenye bahasha ya kaki, nyingine ipige picha ikae kwenye simu. Pili, usianzie hospitali kubwa. Anza zahanati upate rufaa. Tatu, kitambulisho cha wazee kwa mtendaji. Kwa wa nyumbani ambaye hajafika 60 kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, elfu thelathini kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, bei ya vocha zako za mwezi; kaulizie sasa ikoje. Na toa kopi, nimeshasema.

Lakini niseme na sisi watoto. Ndugu zangu, mnajenga, na mimi najenga. Mnataka kuitwa mabosi, na mimi nataka. Ila ukimtumia baba hela ya dawa bila kwenda kuangalia kidonda, wewe nawe ni dirisha. La sita. Unampa jibu sahihi anaondoka. Mungu hatatuuliza status.

Manyoni, mpeleke mgongo ukapigwe picha wiki hii, si mwisho wa mwezi. Ukikwama niandikie.

Mzee yuko Kongwa, anatembea. Daktari alimpa kipande kimoja cha chuma ndani ya kichupa, kakiweka kwenye kopo la maziwa pamoja na ile karatasi ya mchwa. Kitambulisho cha asiyejiweza kakikataa. "Hicho kaa nacho wewe," alisema. Kiko kwenye pochi yangu.