Mbuzi wa Maulidi na glavu za muuguzi: jibu kwa ndugu wa Malindi

Juzi ndugu mmoja wa Malindi aliniandikia. Kanisa lao lina zahanati ya vyumba vitatu, madai yao ya malipo ya serikali yamerudishwa mara mbili, na wazee wa kanisa wamechoka, wanataka kufunga mlango. "Dada, nyinyi wa Lamu mlifanyaje?" Hakujua kuwa wiki hiyo hiyo, Jumatano baada ya alasiri, nilikuwa nimekaa barazani kwetu Langoni ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu. Malipo ya kwanza ya serikali kwa zahanati ya msikiti wetu. Nililia palepale, wapita njia wakinitazama. Muuguzi wetu alikuwa na miezi mitano hajapokea mshahara kamili, na hata siku moja hakukosa kufungua saa mbili asubuhi.

Ndugu yangu, usikubali wafunge. Nisikilize kwanza.

Mimi ni mweka hazina wa zahanati ya msikiti wetu mwaka wa tisa sasa, bila ujira. Tulianza na kitanda kimoja. Hela zilitoka kwenye sanduku la Ijumaa na kwa watu wetu walio Mombasa na ughaibuni. Dawa zikishuka kwenye jeti ya mashua, punda anazipandisha vichochoroni hadi mlangoni, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku anatukuta sisi kabla ya hospitali kubwa. Nayasema haya kwa fahari, sifichi.

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa ya zamani, ilikwisha, na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikashika nafasi yake. Sheria zilikuwa zimetiwa saini tangu Oktoba 2023. Kwa watu wa zahanati jambo kubwa humo ni Mfuko wa Afya ya Msingi: serikali inalipia matibabu ya ngazi za chini kutoka hazina yake, na zahanati ya dini inaweza kuingia mkataba kama ya kaunti. Tukasaini, tukatuma madai. Yakarudi. Tukatuma tena, yakarudi tena.

Nilivuka bahari hadi Mokowe alfajiri, nikapanda basi, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi husika na daftari zangu ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe. Kijana aliyenipokea hakuwa na kiburi. Alifungua stetimenti yetu ya benki, akateremsha kidole taratibu, akasimama. Mstari mmoja: mbuzi wawili wa Maulidi. Unaofuata: glavu, boksi nne. Chini yake: tende za futari. Akaniuliza, "Mama, hizi zote ni akaunti moja?" Ndiyo, ni moja, na ni ya msikiti. Leseni ya zahanati ina jina jingine, mkataba una jina la tatu. Nilihisi uso unawaka. Miaka tisa hakuna shilingi iliyopotea mikononi mwangu, lakini kwa karatasi zile ningemthibitishia nani?

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza: zahanati iwe na akaunti yake. Jina la kwenye leseni liwe ndilo la kwenye mkataba, na ndilo la benki. Herufi kwa herufi.

Lililoniumiza si ofisi. Ni nyumbani. Nilipoleta shauri la akaunti mpya kwenye kikao, ami mmoja ninayemheshimu kama baba alisema, "Leo watuamrisha akaunti, kesho watatuchagulia imamu." Mwingine akasema nimeuza msikiti. Wa kunitetea hakutokea. Nikatoka nikapita njia ya nyuma nisikutane na watu. Yule wa pili hadi leo salamu yangu haitiki vizuri, na hata baada ya pesa kuingia hajasema neno. Nimemsamehe, ila bado naumia.

Kikao kilichofuata nilirudi na maneno mawili. La kwanza, zaka. Sura ya Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu manane, na hakuna mzee pale angekubali nichukue zaka nipake msikiti rangi. Kila pesa ina wenyewe. Basi na hii ya serikali ina wenyewe: ni kodi ya Muislamu wa Shela, ya Mkristo wa Mpeketoni na ya asiye na dini, na imetolewa ipime damu na kuzalisha, haikutolewa kununua mbuzi. La pili, chanjo. Miaka yote chanjo za watoto twapewa na serikali bure, zinakaa kwenye friji yetu, na imamu hajabadilishwa. Ami akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Njoo uandike, mwanangu." Akaunti ikafunguliwa. Miezi ya kufuata saini na mihuri siisimulii, itakuchosha bure.

Na hapa nataka niseme na viongozi wa dini wote wanaonisoma, wa msikiti na wa kanisa. Katiba ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Wengine wanaisoma kama kwamba serikali hairuhusiwi kutugusa. Mimi naona inatulinda: serikali inanunua huduma, hainunui imani yetu, na tukizichanganya kwenye mkoba mmoja sisi ndio tunaoiuza. Ibara ya 32 nayo inasema mtu asinyimwe nafasi kwenye taasisi, kazi au mahali pa huduma, wala haki yoyote, kwa sababu ya imani au dini yake. Sasa tazameni milango yenu. Mgonjwa wenu anaulizwa ni wa jamaa gani kabla ya kuulizwa anaumwa wapi? Mwanamke asiye na mtandio anatazamwa vipi kwenye benchi? Kwetu yalikuwepo, na niliyaona nikanyamaza. Ukila kodi ya jirani, mtibu jirani. Na msitegemee serikali peke yake, malipo huchelewa. Sanduku la Ijumaa na la Jumapili liendelee, lakini kwenye daftari lake.

Akaunti yake. Daftari lake. Nalirudia kwa sababu najua mtalipuuza kama nilivyolipuuza mimi.

Ndugu wa Malindi, nitumie jina lililo kwenye leseni yenu na lililo kwenye akaunti, kama yalivyoandikwa, nukta na mkato. Nambari za akaunti usinitumie. Kama majina hayalingani, madai ya tatu msiyatume kwanza. Na wazee wako wakikubali, mwezi ujao nashuka Malindi kwa dada yangu pale Barani. Nitakuja nikae nao kikao, nibebe na ile stetimenti yenye mbuzi waione kwa macho yao.